Abebe Bikila, Bingwa Aliyekimbia Miguu Mitupu

Kaa kitako nikusimulie habari za mtu aliyefariki zamani, hata mama yangu hajazaliwa, lakini ambaye alinifanya nikose usingizi nikiwa kidato cha kwanza.

Kisa chenyewe kilianzia kwa kinyozi. Hapa kwetu Nyahururu kwa kinyozi si mahali pa kunyolewa tu. Ni bunge. Ukitaka kujua bei ya mbolea itapanda au itashuka, kocha wa Harambee Stars alikosea wapi, au kwa nini Mswada wa Fedha uliondolewa mwezi wa Juni 2024, nenda ukaketi kwenye lile benchi refu asubuhi moja tu, utatoka umekuwa profesa. Wasemaji ni wengi na hakuna spika wa kuwanyamazisha, isipokuwa mlio wa mashine ya kunyolea.

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024 siasa ziliahirishwa. Shule zilikuwa zimefungwa na mimi nilikuwa nimemsindikiza babu kunyolewa. Runinga iliwashwa kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Paris ilikuwa inaanza. Ukutani, kando ya kioo, palikuwa na picha kubwa ya Eliud Kipchoge iliyokatwa kutoka kwenye kalenda. Kipchoge alikuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akashinda tena mwaka 2021 kule Japani. Akishinda Paris angekuwa binadamu wa kwanza kushinda mara tatu. Sisi kwenye benchi tulikuwa tumeshampa hiyo medali hata kabla ya bunduki kulia.

Wahenga walisema usihesabu vifaranga kabla ya mayai kuanguliwa. Kipchoge alianza kuachwa mapema. Alipopita kilomita 30 akaacha kukimbia, akatembea, akawagawia watu waliosimama kando ya barabara vitu vyake, hata viatu. Dhahabu ilikwenda kwa Tamirat Tola wa Ethiopia, saa 2:06:26, naye akafuta rekodi ya Olimpiki ambayo Samuel Wanjiru, aliyeishi hapa hapa Nyahururu, aliiweka Beijing mwaka 2008. Benson Kipruto alituletea shaba, lakini nani aliiona shaba siku hiyo?

Kelele zilizozuka hazielezeki. Eti amezeeka. Eti ametuaibisha mbele ya Wahabeshi. Eti angewapisha vijana. Mimi sikubaki nyuma. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika katika jarida hili, maana mlezi wa chama atayakata kwa kalamu nyekundu. Kisha mtu mmoja akasema picha ile iondolewe ukutani. Kwa vile mimi ni mrefu na nilikuwa karibu na kioo, nikainuka nikaibandua. Watu wakapiga makofi, na kusema kweli nilijisikia mkubwa.

Babu alikuwa kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Hakupiga makofi. Alingoja amalizwe, akalipa, tukatoka. Tulipofika karibu na stejini aliniuliza kama namjua Abebe Bikila. Nilijibu kwamba huenda ni mmoja wa wale Waethiopia waliokuwa wakikimbia leo. Babu alitikisa kichwa akanyamaza hadi nyumbani. Jioni ndipo alipoanza kusimulia, na mengine niliyasoma mwenyewe baadaye. Haya basi.

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, upande wa Debre Berhan, nchini Ethiopia. Ajabu ni kwamba siku hiyo hiyo, mbali kule Los Angeles, wanaume walikuwa wakitoana jasho katika marathoni ya Olimpiki. Nyumbani kwao hakuna aliyejua habari hiyo, na kama wangejua isingewasaidia kukama ng'ombe.

Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu, Oktoba 1935, majeshi ya Mussolini yalivamia nchi yao kwa ndege za vita na gesi ya sumu. Familia yake ililazimika kuhama. Mfalme Haile Selassie, yule ambaye Nairobi wamempa barabara, alikimbilia Uingereza mwaka 1936 na hakurudi hadi mwaka 1941, Waitalia walipofukuzwa. Miongoni mwa waliopigana kuwafukuza walikuwamo askari wa KAR waliotoka huku kwetu Kenya. Lakini kabla ya kufukuzwa, mwaka 1937, Waitalia waliuchukua mnara wa kale wa mawe kule Axum, wenye urefu wa karibu mita 24, wakausafirisha hadi Roma na kuusimamisha huko kama mtu anayetundika pembe za mnyama aliyemuua. Naomba usiusahau mnara huo. Tutakutana nao tena.

Abebe alipokuwa kijana wa kama miaka ishirini alihamia Addis Ababa akajiunga na jeshi la walinzi wa mfalme. Hakuwa na gari wala baiskeli. Kila siku alikuwa akikimbia kilomita 20 kutoka milima ya Sululta hadi kazini mjini. Hapo ndipo alipoonwa na Onni Niskanen, kocha aliyetoka Sweden na kuajiriwa kuwafundisha askari. Kocha huyu alikuwa na jicho. Mwaka 1960, mwaka ule ule ambao Abebe alioa, alikimbia marathoni mbili pale Addis Ababa akashinda zote. Ya pili aliimaliza kwa saa 2:21:23, kasi kupita rekodi ya Olimpiki ya Emil Zatopek, na tena katika mji ulio juu sana ambapo hewa ni nyepesi. Huko Ulaya hakuna aliyeshtuka. Nafikiri walidhani saa za Wahabeshi zimeharibika.

Mwaka huo wa 1960 nchi kumi na saba za Afrika zilipata uhuru. Kenya haikuwamo. Nyahururu yenyewe ilikuwa ikiitwa Thomson's Falls, na babu alikuwa na miaka 13. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa Januari, lakini watoto bado waliogopa kila gari la serikali. Anasema walikuwa wakienda shule miguu mitupu, umande wa asubuhi ukiwauma vidole, na mtoto aliyekuwa na viatu alijulikana na shule nzima kama vile tunavyomjua leo mtoto anayeletwa kwa gari.

Mwezi wa Septemba mwalimu wao aliingia darasani na gazeti. Aliwasomea kwamba askari mweusi kutoka Ethiopia amewashinda wazungu wote huko Roma, na kwamba hakuwa na viatu. Darasa zima walitazama miguu yao.

Ilikuwa hivi. Abebe alijaribu viatu vipya, lakini vilimtoa malengelenge. Kwa kuwa mazoezi mengi aliyafanya bila viatu, yeye na kocha wakakata shauri akimbie vivyo hivyo. Tarehe 10 Septemba 1960, saa kumi na moja na nusu jioni ili kukwepa joto, wakimbiaji waliondoka katika kilima cha Campidoglio. Watazamaji wengine waliona mtu asiye na viatu wakacheka. Hebu fikiria mawe ya barabara za kale za Roma, halafu kilomita 42 na ushei!

Giza liliingia wakiwa njiani. Askari walisimama kando ya barabara wakiwa wameshika mienge. Kufikia hapo walikuwa wamebaki wawili mbele, Abebe na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, Waafrika wawili peke yao katika mji wa Mussolini. Hakuna aliyemwacha mwenzake. Basi wakaukaribia mnara wa Axum, ule ule ulioibwa, umesimama hapo kama mateka. Walipokaribia hapo ndipo Abebe alipochomoka. Rhadi hakumwona tena ila mgongo. Abebe alifika kwenye tao la Konstantino kwa saa 2:15:16.2, muda ambao haukuwa umewahi kufikiwa na mtu yeyote duniani, na Rhadi akafuata baada ya sekunde kama 25. Alikuwa mwanariadha mweusi wa kwanza kuliletea taifa la Afrika dhahabu ya Olimpiki. Watu husema Italia ilihitaji jeshi zima kuiteka Addis Ababa, na Ethiopia ikahitaji askari mmoja tu kuiteka Roma. Mimi napenda usemi huo hata kama umetiwa chumvi.

Wakenya nao walikuwapo Roma, lakini walikimbia kwa jina la koloni. Nyandika Maiyoro, kijana wa Kisii, alimaliza wa sita katika mita 5,000. Babu na wenzake hawakuona tofauti. Kwao Abebe alikuwa wao. Walipokuwa wakikimbia kwenda mtoni kuchota maji, kila mmoja alikuwa Abebe, hata wakapigana kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa Rhadi.

Sasa hapa ndipo siasa na michezo zilipochanganyika kama githeri. Abebe alirudi nyumbani akapokewa kwa shangwe, mfalme akampandisha cheo na kumvika nishani. Haikupita hata miezi mitatu na nusu. Tarehe 13 Desemba 1960 Haile Selassie akiwa ziarani Brazil, mkuu wa jeshi la walinzi, Mengistu Neway, pamoja na ndugu yake Germame, walijaribu kupindua serikali. Jeshi hilo lililoasi ndilo jeshi la Abebe! Risasi zililia katikati ya Addis Ababa, vigogo wengi wakauawa katika jumba la mfalme. Mapinduzi yalishindwa, mfalme akarudi, na mwaka uliofuata Mengistu Neway akanyongwa. Askari wengi wa kikosi hicho waliuawa vitani, wengine wakafungwa. Abebe hakuwa ameshiriki. Hata hivyo alikamatwa na kuhojiwa, kisha akaachiliwa.

Nimefikiria jambo hili mara nyingi. Mtu yule yule ambaye mwezi wa Septemba alibebwa juu juu, Desemba anaulizwa alikuwa wapi na alikuwa na nani. Sijui kama waliokuwa wakimshangilia barabarani walikwenda kusimama nje ya mlango huo kumngoja.

Mwaka 1961 alishinda Athens, Osaka na Kosice. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, akawa wa tano. Hiyo ndiyo marathoni pekee aliyoimaliza bila kushinda. Wapo waliosema amekwisha. Watu wa benchi la kinyozi wako kila nchi, ndugu msomaji.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa Olimpiki ya Tokyo. Katikati ya Septemba 1964, ikiwa imebaki kama wiki tano tu, tumbo lilimshika Abebe akapasuliwa na kutolewa kidole tumbo. Mtu aliyepasuliwa hivyo hapa kwetu huambiwa asiinue hata ndoo. Yeye aliingia Tokyo akichechemea kidogo, na tarehe 21 Oktoba akaanza mbio, safari hii akiwa na viatu na soksi nyeupe. Alimaliza kwa saa 2:12:11.2, rekodi nyingine ya dunia, akimwacha wa pili kwa dakika nne nzima. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Kilichowachekesha watu ni kwamba alipofika hakuanguka wala kushika kiuno. Alienda kwenye nyasi katikati ya uwanja akaanza kunyoosha viungo, kama mtu anayejiandaa kuanza. Husimuliwa pia kwamba bendi haikuwa na wimbo wa taifa wa Ethiopia, ikabidi wapige wa Japani.

Lakini katika mbio hizo kuna mtu mwingine ambaye babu hakumjua, mimi nilimsoma. Anaitwa Kokichi Tsuburaya, askari wa Japani. Aliingia uwanjani akiwa wa pili, Wajapani wote wamesimama. Mwingereza Basil Heatley akampita pale pale mbele ya macho yao. Tsuburaya akapata shaba. Japani ilifurahi, maana haikutarajia hata hiyo, lakini yeye mwenyewe alijiona amelikosea taifa, akaahidi kulipa deni hilo Mexico mwaka 1968. Majeraha hayakumruhusu. Januari 1968 alijiua, akiwa na miaka 27. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilikumbuka mkono wangu ukibandua ile picha.

Baada ya Tokyo Abebe alipewa cheo cha luteni, nyumba na gari dogo aina ya Volkswagen, lile la mgongo wa kobe. Wengi waliona huo ndio utamu wa ushindi, na kwa kweli ni utamu, lakini gari hilo nalo tutakutana nalo tena.

Tufike Mexico. Hapa babu alinieleza kwa sauti ya chini. Mwaka 1968 alikuwa na miaka 21, utingo wa lori la viazi, na Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka mitano kasoro. Oktoba tarehe 13 Naftali Temu alikimbia mita 10,000 na kuwa Mkenya wa kwanza kabisa kushinda dhahabu ya Olimpiki. Na alimshinda nani? Mamo Wolde wa Ethiopia, kwa sekunde 0.6 tu! Redio ya dukani ilikuwa nusura ivunjwe kwa furaha. Kuanzia siku hiyo, asema babu, Muethiopia hakuwa tena wetu. Tulikuwa na watu wetu wenyewe wa kushangilia.

Wiki moja baadaye, tarehe 20 Oktoba, ilikuwa marathoni. Abebe alivaa namba 1 kifuani, na ulimwengu ulingoja ushindi wa tatu mfululizo, kama sisi tulivyomngoja Kipchoge. Temu naye alikuwa mbioni. Wengi hawakujua kwamba Abebe alikuwa na mguu wenye jeraha tangu kabla ya safari. Alijikaza mpaka kama kilomita ya 17, akasimama kando ya barabara. Mbio zikaendelea bila yeye. Mamo Wolde alishinda, kwa hiyo dhahabu ilirudi Ethiopia mara ya tatu, na Temu wetu akamaliza wa 19.

Habari ilipofika dukani kwamba Abebe ameacha mbio, watu walicheka. Walisema Mhabeshi amekwisha, sasa ni zamu yetu. Na babu alicheka pamoja nao. Yule mtoto aliyekuwa akipigana mtoni ili aitwe Abebe alicheka kwa sababu mmoja wa kumshinda Temu amepungua. Nilimuuliza kama ni vibaya kushabikia watu wako. Alisema si vibaya, yeye hadi leo Mkenya akikimbia hawezi kula. Ila mtu kufikiri kwamba moyo ni matatu ya abiria kumi na wanne, akipanda mmoja mwingine lazima ashushwe, hilo ndilo lililomponza.

Hata miezi sita haikuisha. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha lile gari la zawadi nje ya Addis Ababa. Gari lilimshinda likapinduka. Alikaa amenaswa ndani hadi asubuhi alipotolewa. Shingo ilikuwa imeumia vibaya, na miguu ile iliyoiteka Roma haikusonga tena. Alipelekwa Uingereza katika hospitali ya Stoke Mandeville iliyosifika kwa kutibu walioumia uti wa mgongo, akakaa huko miezi minane. Mwanzoni hata mikono haikufanya kazi. Polepole ikarudi. Miguu haikurudi.

Babu alipata habari hizo kutoka kwa dereva wake wakiwa njiani kwenda Nairobi na viazi. Anasema alinyamaza mpaka Naivasha. Alitamani kurudi dukani aombe msamaha, lakini angemwomba nani? Wenye kucheka walikuwa wameshasahau hata walicheka nini.

Mimi ningekuwa Abebe nadhani ningejifungia nyumbani. Yeye alitafuta mchezo mwingine. Mwaka 1970, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alishindana Stoke Mandeville katika kulenga shabaha kwa upinde na katika mpira wa meza. Mwaka 1971 alikwenda Norway kwenye michezo ya walemavu, akashinda mbio za kilomita 25 za kukokotwa na mbwa juu ya theluji. Mtu wa Jato, juu ya theluji!

Mwaka 1972 alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima. Aliposukumwa kuingia uwanjani watu walisimama wote wakampigia makofi. Mmarekani Frank Shorter, aliyeshinda marathoni mwaka huo, alipokwisha kuvikwa medali alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kile kiti akamshika mkono. Katika habari zote za Abebe, hapa ndipo babu husimama kidogo kabla ya kuendelea. Anasema Shorter alikuwa kijana tu, na ana dhahabu shingoni, angeweza kwenda kusherehekea na wenzake.

Abebe Bikila alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 akiwa na miaka 41, kwa kuvuja damu katika ubongo, madhara yaliyotokana na ajali ile. Alizikwa Addis Ababa kwa heshima za kijeshi, na inakadiriwa watu 65,000 walihudhuria, mfalme mwenyewe akiwamo. Hakuna aliyejua kwamba mfalme naye alibakiwa na mwaka mmoja tu. Septemba 1974 jeshi lilimwondoa, akachukuliwa kutoka katika jumba lake kwa gari dogo la Volkswagen. Hata Mamo Wolde baadaye alikaa gerezani miaka karibu tisa kwa mashtaka ya mambo ya utawala huo uliofuata, akaachiliwa Januari 2002, akafa Mei mwaka huo huo.

Na ule mnara? Italia ilikuwa imekubali katika mkataba wa mwaka 1947 kuurudisha. Wakaahirisha na kuahirisha, utafikiri mtu aliyekopa panga kwa jirani. Ulirudishwa kwa ndege mwaka 2005, vipande vitatu, na mwaka 2008 ukasimama tena Axum. Mwaka 2010, miaka 50 baada ya ushindi wa Abebe, Siraj Gena wa Ethiopia aliongoza marathoni ya Roma, na alipobakisha kama mita 300 akavua viatu, akamaliza miguu mitupu. Babu hakuwa amesikia hilo. Nilipomsomea alicheka mpaka akakohoa.

Wiki mbili baada ya siku ile ya Paris, kabla shule hazijafunguliwa, nilirudi kwa kinyozi peke yangu. Benchi lilikuwa limejaa, mjadala ulikuwa juu ya mpira wa Uingereza na ni nani atachukua ligi. Nilimwita mwenyewe pembeni nikamuuliza kama ile picha ya Kipchoge ipo, nikamwambia niko tayari kuibandika tena hata kwa gundi yangu. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kisha akasema asubuhi moja mvua ililowesha makaa, na ile ndiyo karatasi kavu aliyoipata ya kuwashia jiko.

Ukutani zimebaki alama nne za gundi, mahali pembe za picha zilipokuwa. Huziona kila ninapokaa kwenye kile kiti.